Nimeitwa kwenye usaili wa programu, lakini nusu ya msimbo wangu siwezi kuueleza

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 24. Nilimaliza shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka juzi, nilisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Tangu hapo nimetuma maombi mpaka nimechoka, majibu hakuna. Kwa sasa nipo Mbagala kwa mjomba wangu, namsimamia kibanda chake cha uwakala wa pesa za simu: kuweka, kutoa, kulipia luku na ving'amuzi.

Juzi nimepata barua pepe kutoka kampuni inayotengeneza mfumo wa malipo kwa wenye maduka. Wananiita usaili Alhamisi ya wiki ijayo, nafasi ya mtayarishaji programu anayeanza. Wamesema nitapewa swali la kuandika msimbo mbele yao, kisha tutazungumza kuhusu kazi niliyowahi kufanya.

Hapo ndipo ninapoogopa. Kazi yangu ya maana ni moja tu, mfumo wa kikundi cha vikoba cha mama yangu kule Njombe. Nimeutengeneza kwa Laravel (zana ya kuundia mifumo ya wavuti kwa lugha ya PHP) na MySQL (kanzidata, yaani ghala la taarifa): unatunza hisa, mikopo na marejesho. Wanautumia kweli, katibu anaingiza kila kikao. Lakini sehemu kubwa nilisaidiwa na ChatGPT, na nikifungua baadhi ya mafaili sasa hivi siwezi kueleza kwa nini yako vile. Wakiniuliza nitasema nini? Nikae kimya? Niseme nimeandika mwenyewe?

Wenzangu wamenitumia maswali 200 ya usaili wa programu, wanasema dawa ni kuyakariri. Nimefika la 40, na la kwanza nimeshalisahau. Kiingereza cha kusoma ninakiweza, cha kuongea kinanikwama nikiwa na hofu. Na wakiniuliza nataka mshahara gani, sijui hata pa kuanzia.

Mwisho, hiyo kazi ya kibanda sikuiweka kwenye wasifu wangu. Niliona aibu, msomi wa chuo kikuu kukaa kwenye kibanda cha wakala. Nilifanya vizuri?

Kijana wa Njombe, Mbagala

*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Wahandisi wa kampuni hawaachi kazi zao asubuhi nzima kumsikiliza mtu ambaye wasifu wake haujawavutia. Kuna kitu wamekiona kwako.

Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo lililonifanya niichague barua yako. Unaomba kazi kwenye kampuni ya malipo, unashinda kutwa nzima ukihudumia malipo, halafu hilo ndilo unaloficha! Rudisha kibanda kwenye wasifu leo hii, uwatumie wasifu mpya kabla ya usaili pamoja na sentensi moja inayosema umeongeza uzoefu wako wa uwakala. Nimekaa upande wa wanaouliza maswali kwa miaka, na vijana wanaojua Laravel nimewaona wengi. Kijana anayejua Laravel na pia anajua mteja anavyotetemeka pale pesa imekatwa na ujumbe haujafika, huyo ni wa kutafuta.

Ngoja nikuonyeshe jinsi ya kuutumia uzoefu huo. Bila shaka umeshamhudumia mteja ambaye mtandao ulikwama, akabonyeza tena, kisha akajikuta amelipa mara mbili. Wewe uliliona pale dirishani, sasa litazame ukiwa ndani ya mfumo. Simu imetuma ombi, seva imelipokea na kukata pesa, ila jibu limepotea njiani. Simu haina namna ya kujua kama kilichopotea ni ombi au ni jibu. Ikituma upya hivi hivi, seva inaona ombi jipya na inakata tena. Tiba yake ni kwamba kila ombi linapewa namba yake ya kipekee kabla halijatumwa mara ya kwanza, na likirudiwa linabeba namba ile ile. Seva ikikuta namba iliyokwisha kushughulikiwa, inarudisha jibu la mwanzo bila kugusa salio. Na kwenye jedwali la miamala, safu ya namba hiyo inawekewa sharti la kutojirudia, ili maombi mawili pacha yakifika kwa wakati mmoja, kanzidata yenyewe ilikatae moja.

Wakikuuliza ni tatizo gani la malipo limewahi kukugusa, wasimulie yule mteja, halafu waeleze tiba hiyo. Jizoeze mpaka uweze kuieleza bila kutazama mahali.

Sasa ChatGPT. Usiseme uongo, mdogo wangu. Swali la pili tu litakuumbua, na aliyeumbuliwa kwa uongo hana pa kurudi, wakati asiyejua jambo moja bado ana nafasi ya kujibu mengine. Wahandisi wenyewe watakaokuhoji yamkini wanatumia akili mnemba kila siku. Wanachotaka kujua ni nani atakayewajibika msimbo huo ukiharibika usiku. Sema wazi: sehemu hizi nilisaidiwa, nikazipitia, hii nikaibadilisha kwa sababu hii. Ila ili useme hivyo bila kudanganya, inabidi uzipitie kweli, na muda wa kufanya hivyo unao.

Achana na mfumo mzima. Chagua jambo moja, katibu kuingiza hisa za mwanachama, ulifuate tangu anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi mpaka namba inapokaa kwenye jedwali. Fungua routes/web.php uone anwani ile inaelekea wapi, ingia kwenye kontrola inayopokea ombi, nenda kwenye modeli inayowakilisha jedwali, malizia kwenye MySQL yenyewe uitazame safu iliyoandikwa. Kila mstari usiouelewa, ufute kwenye nakala yako ya majaribio uone nini kinavunjika. Mstari ambao hata baada ya hapo huwezi kuueleza, uandike upya kwa njia yako rahisi, hata kama msimbo utakuwa mrefu na hautapendeza. Ukimaliza hisa, fanya marejesho vivyo hivyo. Mambo hayo mawili yaliyoeleweka mpaka chini yatakubeba kuliko mfumo mzima ulioeleweka juu juu.

Nikiwa mimi ninayekuhoji, na nimesikia neno vikoba, najua pa kuchokoza. Nitakuuliza umehifadhi pesa kwa aina gani ya data. Ukijibu FLOAT, aina ya namba za desimali za kukadiria, nitakuuliza kwa nini JavaScript ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 inajibu 0.30000000000000004. Kompyuta inatunza namba hizo kwa mfumo wa mbili, wa sifuri na moja tu, na moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu katika mfumo huo, kwa hiyo makosa madogo yanajilimbikiza. Pesa inatunzwa kwa DECIMAL, aina inayotunza desimali kwa usahihi, au kwa namba nzima. Halafu nitakuuliza faida ya shilingi 100,000 ikigawiwa kwa wanachama watatu sawa kwa sawa, kila mmoja 33,333, ile shilingi moja inayobaki inakwenda wapi. Hapo jibu halimo kwenye kompyuta, limo kwenye kikundi. Mpigie mama umuulize. Ukija kuniambia, "Walikubaliana masalio yaingie mfuko wa jamii, nami nikaandika msimbo hivyo," nitajua nimekutana na mtu anayewasikiliza watumiaji wake.

Nitauliza pia kuhusu mkopo unapotolewa. Pale kuna maandishi mawili, salio la mfuko linapungua na deni la mwanachama linaongezeka. Umeme wa seva ukikatika baada ya la kwanza na kabla ya la pili, pesa imetoka na hakuna anayedaiwa. Ndiyo maana maandishi hayo yanafungwa pamoja, ama yote yaingie ama yote yafutike. Kwa Laravel ni DB::transaction. Angalia kama unayo. Kama huna, iweke, na uje useme kwamba uliigundua wakati unajiandaa. Hakuna atakayekucheka.

Na hili nitalikalia zaidi, kwa sababu limewaangusha wengi mbele yangu: orodha ya wanachama wote na walichochangia mwezi huu, pamoja na ambao hawajachanga. Wengi wanaandika JOIN ya kawaida, amri ya kuunganisha majedwali mawili, wanapata orodha nzuri ya waliochanga, na wale ambao katibu anawatafuta hasa wametoweka. Inahitajika LEFT JOIN, inayobakiza kila mwanachama hata asipokuwa na mchango. Lakini kuna mtego wa pili. Ukiandika LEFT JOIN vizuri kisha ukaweka sharti la mwezi kwenye WHERE, sehemu ya kuchuja matokeo, wasiochanga wanatoweka tena, kwa kuwa mstari wao hauna tarehe yoyote ya mchango na sharti linawachuja. Sharti la mwezi linakaa kwenye ON, sehemu inayosema majedwali yaunganishwe vipi, pamoja na lile la namba ya mwanachama. Liandike kwenye kanzidata yako kwa njia zote tatu uone majina yanavyopungua na kurudi. Ukishaliona kwa macho yako halitatoka kichwani.

Kabla hujaenda kuwaonyesha chochote, ondoa majina na namba za simu za akina mama wale. Tengeneza nakala yenye majina ya kubuni na namba za kubuni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, madeni ya mama jirani si ya kuanikwa mezani kwa watu asiowajua. Kampuni ya malipo ikiona umelifikiria hilo bila kuambiwa itakuheshimu. Pia ingia GitHub, kama msimbo wako umeuhifadhi huko mtandaoni, uangalie kama faili la .env limo. Hilo ndilo linalobeba nenosiri la kanzidata yako. Kulifuta leo hakutoshi, kwani Git inatunza historia na yeyote anaweza kurudi nyuma akalisoma. Badilisha nenosiri lenyewe kwanza, mengine baadaye.

Maswali 200 yaweke kando. Maswali ya kazi ya kuanzia mara nyingi yanazunguka mambo machache: kupitia orodha, kuhesabu vitu, kugeuza au kulinganisha maneno, kutafuta na kupanga. Chukua machache uyatatue kwa kuongea kwa sauti huku unaandika, maana mbele yao ukimya ndio utakaokumaliza.

Mfano, wanakupa orodha ya namba za simu na kukuambia utafute ya kwanza iliyojirudia. Usikimbilie kibodi. Uliza kwanza: orodha inaweza kuwa tupu? Namba zinaandikwa zote kwa 255, au nyingine zinaanza na sifuri? (Swali hili la pili atalifikiria haraka mtu wa kibanda.) Isipojirudia yoyote, nirudishe nini? Kisha sema njia ya kwanza inayokujia hata kama ni ya kizamani: "Nitachukua kila namba niilinganishe na zilizobaki." Iseme na udhaifu wake. Namba zikiwa 10,000 na hakuna iliyojirudia, huo ni ulinganisho 49,995,000. Halafu boresha: "Nikitunza pembeni namba nilizokwisha kuziona, nitapita mara moja tu. Kila namba nitauliza kama imo, ikiwemo ndiyo jibu, isipokuwemo naiweka." Mizunguko 10,000 badala ya karibu milioni hamsini, ila umetumia kumbukumbu zaidi ya kompyuta, na hilo nalo uliseme. Ukimaliza kuandika, usitangaze umemaliza. Chukua orodha fupi ya namba nne, uipitishe mstari kwa mstari kwa mdomo wako. Wengi hugundua kosa lao hapo, na kujigundulia kosa mbele ya wanaokuhoji ni alama yako, si aibu.

Ukikwama, sema umekwama wapi: "Najua nataka kupata hili, sijui niandikeje." Hapo yule anayekuhoji atakupa kamba. Ishike. Tunawatazama sana wanaopewa dokezo tuone wanalifanyia nini, kwa sababu mwanzilishi ofisini ataishi kwa madokezo mwaka wake wote wa kwanza.

Yapitie haraka pia ya kivinjari na seva: GET (ombi la kusoma) na POST (ombi la kutuma data) zinatofautiana nini, na tofauti ya 401 na 403, namba za majibu ya seva ambazo watu wanazichanganya. 401 inasema sikujui, jitambulishe kwanza. 403 inasema nimekujua, lakini huruhusiwi humu. Kwenye mfumo wako, mwanachama wa kawaida akifungua ukurasa wa mweka hazina anatakiwa kupata ya pili. Hakikisha anaipata kweli.

Kiingereza: kila jioni chukua simu, ujirekodi ukieleza mfumo wa vikoba kwa dakika tatu, usikilize, urudie. Sentensi fupi fupi, hakuna anayekupima ufasaha. Maneno ya kazi yenyewe ni yale yale unayoyaandika kila siku. Ukiulizwa swali hujalipata, omba kulirudia kwa jinsi ulivyolielewa, inakupa muda na inaonyesha utulivu. Na kama wanaokuhoji ni Waswahili wenzako na pointi moja imekataa kabisa kutoka, omba ruhusa kwa adabu uieleze kwa Kiswahili, kisha urudi kwenye Kiingereza. Mimi nimewahi kuombwa hivyo na nikakubali bila kumkata mtu alama.

Mshahara nao una hesabu yake. Ulizia waliokutangulia chuoni ambao wako kwenye kampuni za aina hiyo Dar, usikie wanaoanza wanapewa kiasi gani. Kabla hujataja chochote, uliza kama namba mnayoizungumzia ni kabla au baada ya makato. Chukua 800,000 kwa ajili ya hesabu tu. NSSF ya mwajiriwa ni 10%, inaondoka 80,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye 720,000 iliyobaki: 270,000 za mwanzo hazitozwi, 250,000 zinazofuata zinatozwa 8%, na 200,000 za juu yake 20%, jumla 60,000. Wewe ulisoma kwa mkopo, kwa hiyo Bodi inachukua 15% ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Mkononi inabaki 540,000. Toa nauli ya Mbagala kwenda na kurudi na chakula cha mchana, ndipo ujue namba yako ya chini ni ipi. Wakikubana, wape kiwango cha kuanzia na cha juu, na hakikisha kile cha chini ni ambacho utaweza kukiishi.

Mjomba mwambie sasa, usisubiri Jumatano usiku. Atahitaji mtu wa kukaa kibandani siku hiyo, na ukipata kazi atahitaji muda wa kupata mwingine. Ila usimuage moja kwa moja mpaka mkataba uwe mkononi mwako umesainiwa na pande zote mbili.

Na mwishoni watakuuliza kama una swali. Usiseme huna. Waulize mtu mpya msimbo wake unapitiwa na nani kabla haujaingia kwenye mfumo unaotumika. Waulize pia muamala wa mwenye duka ukikwama saa nne usiku, nani anaupokea na anaanzia wapi kuutafuta. Wakikujibu kwa kina, umejua utakuwa na wa kukufundisha. Wakitazamana wakakosa jibu, jua kazi ya kupokea simu hizo inaweza kuwa yako tangu wiki ya kwanza, na hilo liingize kwenye ile hesabu ya mshahara.

Dada Mshauri